Jembe na Nyumba

Mwezi wa Septemba 1965, wananchi wa Tanzania Bara walipokwenda kuwachagua wabunge wao kwa mara ya kwanza chini ya sheria ya chama kimoja, karatasi ya kura ilikuwa na majina mawili, yote ya wanachama wa chama hicho, TANU, na kando ya kila jina picha, hili jembe na hili nyumba, ili asiyejua kusoma, na hao walikuwa wengi, asihitaji kumwuliza mtu.

Utaratibu huo, uliotokana na Tume ya Rais chini ya Bwana Rashidi Kawawa, ulikuwa na masharti makali. Waombaji walipigiwa kura kwanza na mkutano wa chama wa wilaya, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Na hao wawili hawakuruhusiwa kuitisha mikutano kila mmoja peke yake, wala kutaja kabila, dini au rangi, wala kuhutubia kwa lugha yoyote ila Kiswahili. Sera ikiwa moja, wagombea waliishika ile picha: wa jembe akauliza nani atakula asipolima, na wa nyumba akajibu kwamba mkulima naye, jua likichwa, hurejea nyumbani.

Wanachuoni wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliufuatilia uchaguzi huo, na utafiti wao, uliohaririwa na Lionel Cliffe, ukachapishwa Nairobi mwaka 1967. Thamani yake, kwa rai yangu, si katika hesabu za kura bali katika kuonyesha kwamba siasa kubwa za dunia hazikuwashughulisha sana wapiga kura. Aghalabu walitaka kujua mbunge wao ameifanyia nini wilaya, na tangu achaguliwe ameonekana huko mara ngapi.

Mfano mkubwa ni wa Bwana Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Huko Usukumani, ambako wakulima wa pamba walichoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi hata wakaweka wapimaji wao wenyewe, Bomani ndiye aliyesimama mbele kuvijenga vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Victoria; na ushirika huo ulikuwa nguvu ya wakulima kabla ya kuwa ngazi ya siasa. Walakini, ushirika ulipokua na kushika ununuzi wote wa pamba, manung'uniko ya mizani na makato yakageukia wakubwa wake wenyewe. Mwaka 1965 Bomani alishindwa Mwanza, katika nchi ile ile ya pamba, ingawa Rais alimteua kuwa mbunge na akabaki katika Baraza la Mawaziri. Mwaka uliofuata Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, na wakulima, waliokwisha kunena kwa kura, wakapata pa kunena kwa kinywa.