Betri Zilizoanikwa Juani

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani, wilayani Kongwa, nikiwa na gemu zaidi ya thelathini za Game Boy ndani ya simu. Game Boy yenyewe sijawahi kuishika mkononi. Nacheza kwa emuleta, yaani programu inayoifanya simu ijifanye mashine nyingine: inasoma amri zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa ya zamani, moja baada ya nyingine, na kuzitekeleza kama vile prosesa ile bado ipo. Hosteli kwetu, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiyo burudani ya mwisho wa mwezi bando linapokwisha, kwa sababu haihitaji intaneti.

Mama alisimama nyuma yangu akitazama matofali ya Tetris yakishuka. "Hii si ndiyo ile gemu ya kaka yako?" akauliza.

Nikamwambia hapana, hii ni ya mashine ya Kijapani ya mwaka 1989. Hakubishana. Aliingia ndani akarudi na kopo la zamani la maziwa ya unga. Kati ya vifungo, sindano na risiti za kuuzia mahindi kulikuwa na kile kimashine chetu: plastiki ya kijivu, vibonye vya njano, kioo kidogo. Kilitengenezwa China, na boksi lake lilijigamba kwamba kina gemu 9999. Gemu zenyewe zilikuwa chache, zikirudiwa kwa kasi tofauti. Nilipofungua mfuniko wa nyuma nilikuta betri mbili zimevuja, na unga mweupe umekula vyuma.

Game Boy ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989. Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi tulisubiri hadi 1994. Kompyuta nazo zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini tangu 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta kuleta hasara. Kwa hiyo watoto wa Kongwa hawakuchelewa kuipata Game Boy kwa miaka miwili au mitatu. Wengi wetu haikutufikia kabisa. Kilichotufikia, miaka mingi baadaye, ni kimashine cha matofali cha Kichina, na nyoka wa kwenye simu za Nokia.

Aliyesimamia utengenezaji wa Game Boy, Gunpei Yokoi wa Nintendo, aliamini kwamba teknolojia iliyozoeleka na kuwa rahisi inaweza kutumiwa kwa namna mpya. Ndiyo maana kioo chake hakikuwa na rangi wala taa: pikseli 160 kwa 144, na vivuli vinne tu. Washindani wake, Atari Lynx na Sega Game Gear, walikuja na rangi na mwanga, lakini walikula betri sita kwa saa chache. Game Boy ilitumia betri nne na kucheza zaidi ya saa kumi. Ikihesabiwa pamoja na Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Chuoni nilikuwa nimeisoma habari hiyo na kuipita. Nikiwa na kopo la mama magotini, niliielewa upya. Kioo kile kibaya kilikuwa uamuzi kuhusu betri. Na swali la betri tulilijua vizuri.

Mama alikinunua kimashine Kibaigwa, siku aliyouza mahindi sokoni, kama 2006, kumpongeza kaka kwa kufaulu kwenda sekondari. Umeme kijijini haukuwepo. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zilitufikia sisi baadaye sana. Betri zilipoanza kuchoka, matofali yalififia hadi ukalazimika kukiinamisha kioo ili uyaone. Hapo kaka alizitoa, akazing'ata kidogo pembeni, kisha akazianika juu ya bati pamoja na mboga za mama. Joto huamsha kidogo kemia ya betri iliyochoka, ukapata dakika chache za ziada. Mimi, wa miaka minane, nilikaa chini ya bati nikizilinda kuku wasizidondoshe.

Hivyo ndivyo nilivyokumbuka. Nikakumbuka pia kwamba kaka alikuwa mchoyo: alicheza yeye kwanza, mimi nikapata zamu jua likizama.

Jioni ile nilimpigia. Siku hizi anaendesha fuso la mahindi. Nikamwamkia, nikamweleza kuhusu kopo, nikamwambia nataka kuandika habari za betri za juani.

Akacheka. "Wewe uliamini ni jua?"

Kumbe jua halikutosha. Usiku, babu akishamaliza taarifa ya habari ya saa mbili na kulala, kaka alizitoa betri mbili redioni, akaweka zile zilizochoka, na asubuhi nikakuta kimashine kimepona. Alinipa zamu ya mwisho ili giza linikute naacha mwenyewe, betri zirudi redioni zikiwa na nguvu kidogo. Siku moja hazikurudi mapema. Redio ikafa katikati ya taarifa, babu akauliza, na kaka akachapwa. Nilikuwepo. Niliikumbuka fimbo, lakini sikuwahi kujua sababu yake.

"Ulikuwa unalia," alisema. "Ningefanyaje?"

Sikupata la kumjibu. Nikamuuliza yuko wapi, akasema Gairo, anasubiri kupakia.

Emuleta za Game Boy zimekuwepo tangu katikati ya miaka ya 1990. Marat Fayzullin alitoa yake mwaka 1995. Mwaka 2000, katika kesi ya Sony na kampuni ya Connectix, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliona kwamba kuichambua mashine ya mwingine ili kutengeneza emuleta yake kunaruhusiwa. Gemu zenyewe ni suala jingine: zina hakimiliki, na sitajifanya kwamba zile thelathini nilizinunua. Lakini mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena madukani. Nyingi zinaendelea kuchezwa kwa sababu watu wasio na ruhusa walizinakili. Mwanafunzi wa historia hawezi kulipuuza jambo hilo.

Hata hivyo, tazama kinachohifadhiwa. Emuleta yangu ina kitufe cha kurudisha ile rangi ya kijani ya mwaka 1989, na kingine cha kuufanya mchoro uache kivuli nyuma yake, kama kioo halisi kilivyofanya. Mtu fulani alikumbuka udhaifu wa mashine ya utoto wake, akakaa chini akauandika upya. Udhaifu wa utoto wangu ulikuwa mwingine: redio iliyokuwa ikinyong'onyea ili mimi nicheze. Huo hauko ndani ya prosesa yoyote. Ulikuwa kwa kaka peke yake, karibu miaka ishirini, na angeulizwa na nani? Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza, nami nilikuwa nimeshaandika kichwani kwamba alikuwa mchoyo.

Asubuhi nilikisafisha kimashine kwa ndimu na mswaki wa zamani. Nikanunua betri mbili dukani, nikaziweka. Kililia mlio mmoja, matofali yakajaa kioo kizima, kisha kikazima na hakikuwaka tena.

Mama alikuwa anapepeta mahindi. "Limekufa?"

"Limekufa."

"Basi hizo betri usizitupe," akasema. "Tia kwenye redio ya babu yako."