Mahindi ya Likasi: tarehe ya kupanda na mbegu ya kuchagua

Likasi ina mvua moja tu kwa mwaka. Inashika karibu na mwezi wa 11, inakwisha kati ya mwezi wa 3 na wa 4, kisha kukavu mpaka mwezi wa 10. Watu wa Kivu wakikosa msimu wa kwanza, wanangojea wa pili. Hapa Kamatanda hakuna wa pili. Ndiyo sababu familia iliyokimbia Mitwaba ao Pweto, ikapewa kipande cha shamba wakati Noeli imekwisha kupita, haiwezi kupanda mbegu yoyote inayopata.

Jambo hili lina historia. Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, haikungojea mashamba ya Katanga yalishe wafanyakazi wake. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 kutoka Rodezia, na unga wa posho ukaja kwa treni. Bukari ya migodini ilitegemea mavuno ya jirani tangu mwanzo. Bado inategemea: ukame ulipoangusha mahindi ya Zambia mwaka 2024, soko za Haut-Katanga zilisikia mara moja.

Kule kusini wakulima wakubwa walipata mbegu chotara SR52 mwaka 1960. Ilizaa kupita zote zilizotangulia, lakini ilidai mbolea, kupandwa na mvua za kwanza, na karibu miezi mitano shambani. Tena mbegu yake hununuliwa kila mwaka, kwa kuwa ukipanda punje za mavuno yako, mazao yanashuka. Ilikuwa mbegu ya mwenye trakta.

Katika miaka ya 1970, wakati Katanga iliitwa Shaba, Programu ya Taifa ya Mahindi ilifanya kazi pamoja na watafiti wa CIMMYT kutoka Mexico. Ikatoa Kasai 1, Shaba 1 na Salongo. (Jina la Salongo wazee wanalijua: ndiyo kazi ya lazima ya wakati wa Mobutu.) Mbegu hizi hazikuwa chotara. Mkulima aliweza kuchagua masuke mazuri, kuyatundika juu ya moshi jikoni, na kupanda tena. Kwa mtu asiye na franka, hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko SR52.

Lakini hata mbegu nzuri inashindwa na kalenda. Mvua za kwanza zinapolowesha udongo uliokauka miezi sita, udongo unaachilia chakula kingi cha mimea kwa muda mfupi. Mvua kubwa zinazofuata zinakisukuma chini, mbali na mizizi. Aliyechelewa anapanda juu ya udongo uliokwisha kuoshwa. Vidudu vidogo vinavyoleta ugonjwa wa milia navyo vimekwisha kuzaana kwenye mashamba ya waliotangulia. Tangu mwaka 2017 kuna pia kiwavi jeshi, naye hupenda mahindi machanga.

Kubaya zaidi ni wakati wa ndevu. Mbegu ya siku 140 iliyopandwa tarehe 10 mwezi wa 1 inatoa ndevu karibu na tarehe 20 mwezi wa 3, kisha punje zinatafuta maji mvua ikiwa inaondoka. Shamba linaonekana zuri, majani marefu, lakini suke ni tupu nusu. Mbegu ya siku 95 iliyopandwa siku ileile inatoa ndevu mwanzoni mwa mwezi wa 3, na katikati ya mwezi wa 4 imeiva. Suke lake ni dogo. Aliyepanda mwezi wa 11 atamcheka mwenye suke hilo, na kwa shamba lake ana haki: kwake mbegu ndefu inalipa. Kwa aliyefika kwa kuchelewa, suke dogo lililojaa ndilo linalofika kwenye mashini ya kusaga.

Kupita mwisho wa mwezi wa 1, hata mbegu fupi inaanza kuwa bahati nasibu. Hapo wengi wanaacha mahindi, wanaweka maharagi na viazi vitamu, na kutunza mbegu yao mpaka mvua irudi.