Selimundu na nyanda za juu za Mlima Kenya

Jeni ya selimundu ni mfano maarufu wa jinsi mazingira yanavyoathiri urithi wa binadamu, kizazi hadi kizazi. Anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua selimundu, maradhi ya damu yanayoweza kuua mapema.

Ugunduzi wa uhusiano kati ya jeni hiyo na malaria una mizizi nchini Kenya. Mwaka 1949 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, akakusanya sampuli za damu za jamii mbalimbali. Aliona kwamba jeni hiyo ilikuwa ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini nadra nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba malaria ndiyo iliyoidumisha.

Gatitu, karibu na mji wa Nyeri, kwa mfano, iko katika ukanda huo wa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi huchelewesha vimelea vya malaria kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo jeni hiyo haikuwa na faida ya kuifanya ienee.

Huko, badala ya jeni hiyo, utamaduni ndio uliobeba mzigo mkubwa wa kukabiliana na mazingira: Wakikuyu walifyeka misitu, wakalima miteremko yenye rutuba, wakapanda viazi vikuu, ndizi na nduma, wakafuga mbuzi. Hata leo, wakazi wa nyanda za juu wanaosafiri pwani au Ziwa Victoria huhitaji chandarua na dawa za kinga, kwa kuwa miili yao haijazoea malaria.