Panya wachanga na siri ya upofu wa watoto wasiotimiza miezi

Maradhi ya macho yanayowapofusha baadhi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati yalielezwa na daktari wa Marekani, Theodore Terry, mwaka wa 1942. Mnamo 1951, Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alidokeza kwamba huenda chanzo ni hewa ile ile iliyotumiwa kuwaokoa: oksijeni.

Ili kulichunguza jambo hilo, Norman Ashton wa London aliwaweka paka wachanga katika oksijeni nyingi. Paka alifaa kwa kuwa, hata akizaliwa kwa kutimiza siku zake, mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huwa bado haijakamilika. Mishipa hiyo ilinywea na kuziba. Ajabu ni kwamba baada ya paka hao kurudishwa katika hewa ya kawaida, mishipa mipya ilichipuka ovyo.

Tangu 1994, watafiti wengi hutumia panya. Vitoto vya siku 7 huwekwa pamoja na mama yao katika oksijeni ya asilimia 75 kwa siku 5, kisha hutolewa. Wafikapo siku 17, mishipa hiyo mibaya huwa imeshamiri. Njia hii ilisaidia kubainisha kazi ya VEGF, protini inayochochea mishipa kuota, ambayo siku hizi madaktari huweza kuizuia kwa sindano ya jicho.

Hata hivyo, panya si mtoto. Mishipa yake hufa katikati ya retina, ilhali kasoro ya mtoto huwa pembeni. Tena jicho la panya hupona lenyewe. La mtoto, retina ikibanduka, huenda lisione tena.