Umaskini wa wenye kazi: Moshi na miteremko ya Kilimanjaro

Umaskini wa wenye kazi ni hali ya watu wenye ajira, kibarua au biashara ndogo ambao kaya zao bado ziko chini ya mstari wa umaskini. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani huangalia kaya nzima. Kwa mshahara uleule, kijana asiye na mtegemezi anaweza kuwa juu ya mstari, na mwenzake mwenye watoto wanne akawa chini.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, uliokuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye umaskini mdogo kabisa, pamoja na Dar es Salaam. Rukwa ilikuwa mkiani.

Nafasi hiyo nzuri haitokani na malipo ya kazi peke yake. Utafiti hupima matumizi: ndizi za kihambani, yaani shamba la ukoo mlimani, huthaminiwa kwa fedha hata zikiishia jikoni, na pesa za ndugu walioko Dar es Salaam huonekana katika kile kaya inachonunua. Kaya ya Kibosho, kwenye miteremko, huvuka mstari kwa msaada huo. Mpangaji wa Pasua au Njoro, mjini Moshi, hana mgomba. Hata ndizi ya kupikia mtori anainunua soko la Mbuyuni.

Kahawa, iliyokijenga chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, iliyumba bei baada ya mfumo wa mgawo wa mauzo katika soko la dunia kuvunjika 1989, na vihamba vimezidi kugawanywa kwa wana. Vijana wengi wakageukia kazi ya kubebea mizigo watalii wanaopanda mlima.

Mpagazi, mgumu kama wenyewe wanavyojiita, hupimiwa mzigo kwenye geti la hifadhi usizidi kilo 20. Malipo yaliyopendekezwa na KPAP, mradi wa kutetea wapagazi ulioanza 2003, yaliwahi kuwa shilingi 20,000 kwa siku: siku sita za njia ya Machame zilikuwa 120,000. Zipo kampuni zinazolipa pungufu, na hilo ni dhuluma. Masika yakianza wageni hupungua, na mwezi mzima unaweza kupita bila safari huku kodi ya chumba ikidaiwa. Kwa kuwa tafiti za nguvukazi huuliza kazi ya siku saba zilizopita, mpagazi wa Agosti ni mwenye kazi na yuleyule wa Aprili hana. Mji wa msimu kama Moshi hulinganishwa kwa haki na mingine pale tu mapato ya mwaka mzima yanapohesabiwa.