Mipaka ya Komoro: Kutoka Nchi za Masultani hadi Komuni

Komoro ni visiwa vinne vya volkano vilivyopangana upande wa kaskazini wa Mlango wa Msumbiji, kati ya pwani ya Afrika na Madagascar. Ngazija ndicho kikubwa kuliko vyote, chenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na ndicho kilichozuka baharini mwisho. Kinafuatwa na Nzwani chenye kilomita za mraba 424, Maore chenye 374 na Mwali chenye zaidi ya 200 kidogo. Maore ndicho kikongwe. Milima yake imeliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, na mwamba wa matumbawe umekizunguka karibu pande zote.

Tofauti za ardhi hutangulia tofauti za siasa. Nzwani ina vilima vikali na mabonde yenye vijito, ingawa vingi vimekauka kadiri misitu inavyokatwa. Ngazija haina mto wa kudumu hata mmoja. Miamba yake michanga hunywa mvua yote, na kwa vizazi watu wamekinga maji ya mapaa na kuyahifadhi katika matangi. Juu yao umekaa mlima Karthala, wenye mita 2,361, ambao bado una moto. Ulipolipuka Novemba 2005, majivu yake yaliingia katika matangi hayo na maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa.

Kabla ya Wafaransa, hapakuwa na dola moja ya Komoro. Nzwani ilikuwa na ufalme wake, uliotawaliwa kwanza kutoka Domoni na baadaye kutoka Mutsamudu, bandari ambako meli za Waingereza ziendazo India zilitia nanga kuchukua maji na chakula. Mwali mara nyingi ilikuwa chini ya Nzwani, mpaka Ramanetaka, mtu wa ukoo wa kifalme wa Madagascar, alipoitwaa karibu mwaka 1830. Bintiye, Jumbe Fatima, alirithi kiti hicho angali mtoto.

Ngazija ilikuwa na utaratibu wake. Kisiwa kiligawanyika katika nchi nyingi ndogo: Bambao, Itsandra, Mbadjini, Hambuu, Washili, Dimani, Hamahame, Mitsamihuli, Mbude na nyinginezo. Nyingi zilianzia ufukweni zikapanda kuelekea mlimani, na kila moja ilikuwa na sultani wake. Mmoja wao alitambuliwa kuwa ntibe, yaani mkubwa wa wenzake, na cheo hicho kiligombewa kwa vita, hasa kati ya Bambao na Itsandra. Chini ya sultani ulikuwapo mji, na katikati ya mji palikuwa na bangwe, uwanja wenye mabaraza ya mawe ambako wanaume waliotimiza ada ya ndoa kubwa walikaa na kuamua mambo ya watu. Mamlaka hayo ya mji hayakuandikwa katika sheria ya serikali yoyote iliyofuata, lakini hakuna serikali iliyofanikiwa kuyafuta.

Ufaransa iliingia kupitia Maore, iliyokabidhiwa na mtawala wake Andriantsoly kwa mkataba wa 1841. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wa Wafaransa mwaka 1886. Huko Ngazija, Said Ali wa Bambao alikuwa ameshampa Léon Humblot, mtaalamu wa mimea aliyegeuka mfanyabiashara, haki juu ya ardhi kubwa mno mwaka 1885. Kwa miaka mingi kampuni ya Humblot ilikuwa na nguvu kisiwani kuliko serikali yenyewe. Mwaka 1912 visiwa vyote vilitangazwa koloni na kuunganishwa na Madagascar. Vilikuwa mkia wa koloni jingine, mbali na macho ya watawala, na kwa sababu hiyo elimu na barabara vilichelewa.

Vilitenganishwa na Madagascar mwaka 1946, makao makuu yakiwa Dzaoudzi, Maore. Uamuzi wa 1958 wa kuyahamishia Moroni, Ngazija, uliwachukiza sana watu wa Maore, na ukawa mtaji wa wanasiasa waliotaka kubaki na Ufaransa. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974 Komoro kwa jumla ilichagua uhuru kwa wingi mkubwa, lakini Maore karibu theluthi mbili walikataa. Ahmed Abdallah, aliyeongoza serikali ya visiwa, alitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Ufaransa ikahesabu kura kisiwa kwa kisiwa, ikaishika Maore. Umoja wa Mataifa ulipinga hatua hiyo, na katiba za Komoro zimeendelea kukitaja kisiwa hicho kuwa sehemu ya taifa. Kwa Ufaransa, Maore ni mkoa wake kamili tangu 2011, wenye komuni 17. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kuvuka bahari kutoka Nzwani kwenda Maore kwa jamaa zake, na wengi wamezama wakijaribu kuvuka kwa mashua ndogo. Katika historia yote ya mipaka ya Komoro, huu ndio uliogharimu roho nyingi zaidi.

Serikali ya Abdallah haikumaliza mwezi. Ali Soilih, aliyeshika madaraka baada ya mapinduzi ya Agosti 1975, alijaribu kuupanga upya utawala kuanzia chini. Mwaka 1977 aliwaachisha kazi watumishi wa serikali na kuchoma kumbukumbu za ofisi, kisha akaweka mudiria: kitengo cha vijiji kadhaa chenye jengo lake, ambamo wananchi wangepata huduma za serikali karibu na nyumbani. Wazo lilikuwa jema. Lakini lilikwenda pamoja na vijana wenye silaha waliodhalilisha wazee, na vita dhidi ya ndoa kubwa, kwa hiyo miji ikamgeuka. Mei 1978 mamluki wa Bob Denard walimpindua na kumrudisha Abdallah.

Katiba ya Oktoba 1978 iliunda shirikisho la Kiislamu lenye gavana kwa kila kisiwa. Shirikisho hilo lilidhoofika haraka: marekebisho ya 1982 yalimpa rais uwezo wa kuwateua magavana, na mapato yakakusanyikia Moroni. Nzwani, kisiwa chenye msongamano wa watu na ardhi haba, ililalamika kwa miaka, kisha Agosti 1997 ikatangaza kujitenga. Mwali ikafuata siku chache baadaye.

Mapatano ya Fomboni ya Februari 2001, yaliyolenga kurudisha umoja wa visiwa, na katiba ya Desemba mwaka huo vilizaa Muungano wa Komoro. Kila kisiwa kilipata rais na bunge lake, na urais wa Muungano ukawa wa zamu: Azali Assoumani wa Ngazija mwaka 2002, Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani 2006, Ikililou Dhoinine wa Mwali 2011. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kisiwa kidogo kama Mwali kutoa mkuu wa nchi, na hilo peke yake linatosha kuutetea mfumo huo. Ulikuwa ghali, hata hivyo, na Mohamed Bacar, rais wa Nzwani, alipong'ang'ania kiti chake, Umoja wa Afrika ulipeleka majeshi Machi 2008, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliotoa askari. Kura ya maoni ya 2009 iliwarudisha marais wa visiwa kwenye cheo cha gavana.

Sasa kila kisiwa kina gavana, na chini yake wilaya: nane Ngazija, tano Nzwani, tatu Mwali. Majina ya wilaya za Ngazija yanasomeka kama orodha ya nchi za masultani wa kale, mara nyingi nchi mbili zikiunganishwa: Itsandra-Hamanvu, Mitsamihuli-Mbude, Washili-Dimani. Sheria ya 2011 iliongeza komuni 54, yaani 28 Ngazija, 20 Nzwani na 6 Mwali, na uchaguzi wa kwanza wa madiwani wake ulifanyika 2015. Katiba ya 2018 ilifuta makamu wa rais watatu, mmoja wa kila kisiwa, ikapunguza madaraka ya visiwa na kumruhusu rais kukaa vipindi viwili mfululizo kabla ya zamu kuhamia kisiwa kingine. Magavana bado huchaguliwa na wananchi wa visiwa vyao.