Kitabu, Kamusi Elezo ya Mtandaoni na Ushahidi wa Historia katika Masasi na Newala

Hoja iliyozoeleka katika tasnifu za historia ni kwamba kitabu kilichochapishwa kina mwandishi, mhariri na mchapishaji, kwa hiyo hutegemewa. Ilhali Wikipedia, iliyoanza kwa Kiswahili mwaka 2003, huhaririwa na yeyote, kwa hiyo haifai kunukuliwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Simulizi ya asili ya Wamakonde yaonyesha upungufu wake.

Simulizi hiyo yasema kwamba mtu aliyeishi peke yake porini, asiyeoga, alichonga kinyago cha mti. Usiku kikageuka mwanamke. Walipoishi karibu na mto Ruvuma, mtoto alizaliwa maiti. Ni baada ya kuhamia Mahuta, juu ya uwanda, ndipo walipopata mtoto aliye hai. Aliyeitangaza ni Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, katika kitabu chake cha mwaka 1908, akiinukuu kutoka kitabu cha Pater Adams. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1909.

Kwa kipimo kilichotajwa, chanzo hicho ni kamili. Hata hivyo, Weule alikaa Masasi, Newala na Mahuta kwa miezi michache tu ya mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijamalizika. Misheni ya Masasi ilikuwa imeteketezwa mwaka uliotangulia. Yeye alifuatana na askari wa serikali ya Kijerumani, hakuwa mjuzi wa Kimakonde, na aliwategemea wakalimani. Mzee aliyeulizwa katika hali hiyo alikuwa na sababu nyingi za kuchagua la kusema. Uchapishaji haukuondoa mashaka hayo. Uliwezesha tu yajulikane, kwa kuwa Weule mwenyewe alieleza safari yake kwa kirefu.

Hapo ndipo tofauti iliyo muhimu inapoonekana. Katika maelezo mafupi ya mtandaoni kuhusu sanaa ya vinyago, simulizi husemwa kuwa ya Wamakonde wote, tangu kale, pasipo Weule, pasipo Adams. Mara nyingi kinachosisitizwa ni kinyago, kwa kuwa ndicho kiuzwacho. Maji na bonde hufifia. Kwa mwanahistoria, sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi: inaeleza kwa nini watu walikaa juu ya uwanda mkavu, wanawake wakiteremka mabondeni kuteka maji. Kosa hapa si uongo. Ni kufutwa kwa shahidi.

Wikipedia yenyewe, tofauti na kurasa nyingi za wauza vinyago, huhifadhi kila badiliko pamoja na tarehe yake. Kitabu cha 1908 hakimwonyeshi msomaji kilichokatwa katika mswada. Wanaoikataa Wikipedia kwa jumla hulisahau jambo hili.

Udhaifu wake katika eneo hili uko kwingine. Makala nyingi za kata za Masasi na Newala zina mistari michache tu: jina, postikodi na idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Takwimu hizo zatoka serikalini, lakini mipaka haielezwi. Anayelinganisha Wilaya ya Masasi ya sensa ya 2002 na ya 2012 ataona watu wamepungua mno, asipojua kwamba katikati ya miaka hiyo Wilaya ya Nanyumbu ilimegwa kutoka Masasi.